Kupanga upya chumba cha nyumba ya mawe Lamu: kuta kwanza, makochi baadaye

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nipake rangi gani? Nivunje ukuta huu ili sebule iwe kubwa? Mbona plasta iliyopigwa mwaka jana imeshaanza kumwaga unga sakafuni? Na anayeuliza, mara nyingi, ameshanunua makochi.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu mwenye chumba kimoja cha kutengeneza ndani ya nyumba ya zamani ya mawe na boriti, iwe Mkomani, Langoni, Shela au mji wa kale wa Malindi. Mwenye nyumba mpya ya matofali na mabati kule Malindi naye atafaidika. Pale mambo yanapokuwa tofauti kwake nitasema. Chumba cha pwani huamuliwa na upepo na unyevu kabla hakijaamuliwa na macho. Ukivipuuza hivyo viwili, hakuna pazia litakalokuokoa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tepu ya chuma ya mita 5. Ile ya fundi cherehani hutanuka na kudanganya.
- Karatasi ya miraba, penseli na ufutio.
- Chaki.
- Pima maji, na timazi. Uzi na jiwe dogo vinatosha kuwa timazi.
- Nyundo ndogo na bisibisi nyembamba.
- Kipande cha plastiki angavu, nusu mita kwa nusu mita, na utepe mpana wa gundi.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Bajeti iliyogawanywa, na angalau sehemu moja kati ya kumi imewekwa kando. Ukuta wa zamani ukifunguliwa hutoa jambo ambalo hukulitarajia.

Na ruhusa. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kupaka chokaa na kubadilisha mikeka ni hiari yako, lakini kabla ya kugusa ukuta, dirisha, mlango wa nje au paa, pita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa na ya kaunti uulize kibali. Mwone na jirani pia. Nyumba nyingi zinashirikiana ukuta, na wengine wana wikio, chumba kilichovuka juu ya njia, linaloegemea nyumba zote mbili. Jirani akisikia nyundo kabla ya kuambiwa, kazi yako imeshaharibika.

Hatua ya 1: Kaa na chumba kabla ya kukigusa

Ingia chumbani asubuhi, adhuhuri, na baada ya magharibi. Andika jua linafika wapi, upepo unaingilia wapi na kutokea wapi, na kona ipi ina harufu ya unyevu. Washa udi au ubani na utazame moshi unaelekea wapi. Hiyo ndiyo njia ya hewa, na hapo usiweke kabati.

Kumbuka pepo zetu ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, kisha kusi hushika tangu Aprili hadi Septemba. Dirisha linaloleta raha Januari linaweza kuwa kimya kabisa Julai. Kama hukuishi humo mwaka mzima, muulize aliyeishi. Bibi wa nyumba anajua kitanda kilihamishiwa wapi wakati wa joto, na hakuna ramani itakayokuambia hilo.

Hatua ya 2: Pima chumba, kisha pima njia ya kukifikia

Kuta za zamani hazilingani. Pima upana mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho, na utumie kipimo kidogo kuliko vyote. Urefu wa kwenda juu upime kutoka sakafuni hadi chini ya boriti, si hadi dari iliyo kati ya boriti mbili. Pima zidaka, yale matundu ya kuwekea vitu yaliyo ndani ya ukuta, upana wake na kina chake. Pima vizingiti: misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana kuingia ndani, hupanda daraja moja kila uingiapo ndani, na daraja hilo ndilo linalokwaza kabati.

Sasa toka nje. Pima mlango wa barabarani ukiwa bawa moja limefungwa, pima daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, pima kona ya ngazi, pima kichochoro chembamba kuliko vyote kutoka gatini hadi kwako. Hakuna lori litakalokusaidia hapa. Mzigo wa Lamu unashuka Mokowe, upande wa bara, unapanda boti, kisha ni mabega ya hamali au mgongo wa punda. Nimeona kochi la watu watatu likilala barazani kwa siku kadhaa, paka wakilifurahia, huku mwenyewe akitafuta mnunuzi.

Hatua ya 3: Angalia juu

Chumba chako ni chembamba kwa sababu ya mti wa mkoko. Boriti ndiyo iliyobeba dari ya mawe na chokaa, na ikizidi urefu fulani hupinda, kwa hiyo vyumba vingi vina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, halafu vikarefushwa kadiri mwenyewe alivyotaka. Boriti hulala kwenye upande mfupi. Maana yake ni kwamba zile kuta mbili ndefu ndizo zinazobeba mzigo wote ulio juu.

Hilo ndilo jibu la wanaotaka kuvunja ukuta ili sebule iwe kubwa. Ukuta mnaotaka kuuvunja, karibu kila mara, ndio huo uliobeba. Usiuguse bila mhandisi aliyefika akaona kwa macho. Fundi anayekuambia kwa simu kwamba "hakuna shida" hajaona kitu.

Chukua bisibisi ukague ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana kuoza huanzia huko. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha. Gonga kwa nyundo: nzima hutoa sauti kavu, yenye mchwa hutoa sauti ya debe tupu. Ukihitaji kubadilisha, agiza kwa daraja lake. Wauzaji wa miti ya mikoko hupanga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, na mazio aliyouziwa mtu badala ya boriti hujulikana masika ya pili. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu.

Hatua ya 4: Chora, kisha chora tena kwa chaki

Kwenye karatasi, sentimita 5 ziwe mita 1. Chora kuta, milango na inakofungukia, madirisha, zidaka, soketi. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo hicho hicho viwe ndio viti na vitanda, uvisogeze mpaka uridhike. Acha njia ya kupita isiyopungua sentimita 75. Mbele ya kabati la nguo 90.

Sasa hesabu. Chumba kina upana wa sentimita 260. Kochi la dukani lina kina cha 90. Ukiweka makochi yakitazamana umebakiza 80. Weka meza ya 50 katikati, zimebaki 30, yaani 15 kila upande. Mgeni atapita wapi na sinia la chai?

Rudia hesabu hiyo kwa magodoro ya chini yenye upana wa 70, na mito ya kuegemea ukutani. Ukiyapanga kuta zote mbili bado una 120 katikati. Wazee wetu hawakukaa chini kwa kukosa viti.

Ukimaliza karatasi, chora hayo yote sakafuni kwa chaki na uache siku mbili. Watoto wapite, mzee apite na mkongojo wake, mtu abebe ndoo. Utaona wenyewe wanakanyaga mstari gani. Na fikiria stara: anayeketi kwenye kiti cha wageni anaona nini? Kama anaona jikoni au mlango wa choo, geuza kiti. Ni rahisi kuliko kujenga kizuizi.

Hatua ya 5: Pima unyevu

Bandika kile kipande cha plastiki ukutani, karibu nusu mita kutoka sakafuni, kingo zote nne zizibwe vizuri na utepe. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni hewa ya ndani iliyojaa mvuke. Dawa yake ni kufungua madirisha. Ukikuta matone nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na ni lazima ujue chanzo: bomba, choo cha juu, birika la zamani la kuhifadhia maji, mfereji wa paa, au maji yanayopanda kutoka ardhini. Utepe ukikataa kushika kabisa kwa sababu ukuta unamwaga unga, umeshapata jibu lako.

Zunguka na tochi ukiilaza karibu na ukuta. Mwanga wa ubavuni huonyesha kila uvimbe na kila plasta iliyoachana na jiwe. Zungushia chaki.

Hatua ya 6: Fuata mpangilio huu wa kazi, usiruke

Paa na mifereji. Kisha mabomba. Boriti na dari. Waya za umeme. Plasta. Sakafu. Chokaa au rangi. Mwisho vyombo.

Kazi ya kufungua paa ifanywe Januari au Februari, masika hayajakaribia. Wengi huanza na rangi kwa sababu rangi huonekana haraka, halafu fundi bomba anakuja na tindo.

Mlipe fundi kwa hatua zilizokamilika, na makubaliano yaandikwe hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Hatua ya 7: Plasta, na hapa nitakaa kidogo

Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, mnene karibu nusu mita. Hunywa maji na kuyatoa, mwaka mzima. Ukiufunika kwa simiti, maji hayana pa kutokea. Yatapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo itajikusanya nyuma ya simiti mpaka iibandue kwa vipande vikubwa pamoja na uso wa jiwe. Kisha utaita fundi apige simiti nyingine, nene zaidi. Kuna nyumba zimepigwa hivyo mara tatu na ukuta umebaki nusu ya ulivyokuwa.

Kwa hiyo ni chokaa. Fundi atasema, "Tutie simiti kidogo tu, mama, ishike haraka." Mjibu kwa upole, "Hapana, bwana fundi, sina haraka." Kisha uwepo wakati anachanganya.

Bandua simiti yote iliyolegea. Ile iliyoshika sana usiilazimishe kwa nyundo kubwa, itaondoka na jiwe. Kwangua rangi ya mafuta mpaka iishe, maana chokaa haishiki juu yake.

Chumvi nyeupe iliyojitokeza iondoe kwa brashi kavu na uikusanye uitupe nje. Usiioshe kwa maji. Utaiyeyusha irudi ndani.

Tumia chokaa iliyozimwa na ikakaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa mpaka ikawa kama siagi. Ukiizima mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, watoto wasisogee. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi na uende hospitali papo hapo.

Mchanga uwe wa machimbo, mkali kidogo, uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Wa vilima vya Shela usiuguse kabisa. Vilima vile ndivyo vinavyotunza maji matamu ya mji.

Kipimo cha kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Lowesha ukuta vizuri kabla, usiwe unang'aa maji lakini usiwe na kiu. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko lishike, la pili lisawazishe, la tatu liwe jembamba la kulainisha. Tabaka moja lisizidi sentimita 1. Kwaruza kila tabaka kabla halijakauka ili lijalo lipate pa kushika, na usiongeze jingine mpaka kidole gumba kikikandamiza hakiachi shimo.

Kisha sehemu ambayo mafundi huiruka: plasta ya chokaa haitaki kukauka haraka. Funga madirisha yanayoingiza jua na upepo mkali, tundika magunia yaliyoloweshwa, nyunyiza asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Wakati wa kaskazi hewa ni kavu na hili ni la lazima.

Wewe wa Malindi mwenye ukuta mpya wa tofali la simiti, plasta ya simiti inakufaa, shida yako haiko hapo. Shida yako ni mabati. Weka dari chini yake, acha matundu ya hewa pande mbili zinazoelekeana chini ya paa, joto lipate pa kutokea. Bila hivyo feni inazungusha joto lile lile.

Hatua ya 8: Umeme na taa

Tumia fundi mwenye leseni. Mwambie asichimbe mifereji ya kulala ukutani, na asikaribie zidaka wala plasta iliyochongwa. Mabomba ya waya yapite juu ya ukuta, kandokando ya boriti, yapakwe rangi ya ukuta. Baada ya wiki hutayaona.

Feni ining'inie kwenye boriti nzima, si kwenye plasta ya dari, na mapanga yake yawe zaidi ya mita 2.2 kutoka sakafuni. Dari ikiwa fupi, chukua feni ya ukutani.

Taa moja nyeupe katikati ya dari huua chumba kirefu. Gawa mwanga: moja kila mwisho, ndogo ndani ya kidaka kimoja au viwili, za rangi ya joto, zilizoandikwa 2700 au 3000 K kwenye boksi. Skrubu na bawaba ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hewa ya bahari huzila, na machozi ya kutu hushuka kwenye chokaa yako mpya.

Hatua ya 9: Rangi

Kwenye plasta ya chokaa paka chokaa. Iwe nyepesi kama maziwa, tabaka nne au tano nyembamba, ukuta ukiwa na unyevunyevu. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu. Usiogope, hukolea weupe ikikauka. Ukitaka rangi, changanya unga wa oksidi kidogo, ujaribu kwanza nyuma ya mlango.

Mwanga wa nyumba hizi hutoka kwenye kiwanda, ule ua wa katikati, na huingia msana kwa msana ukipungua. Kuta nyeupe huusukuma hadi ndani. Ndiyo maana sishauri ukuta mmoja mweusi au wa kijani kibichi kama wa kwenye picha za simu. Katika chumba cha ndani utawasha taa saa nane mchana. Rangi itoke kwenye mito, mikeka na pazia, vitu unavyoweza kubadilisha kabla ya kila Idi.

Hatua ya 10: Vyombo

Kikubwa kwanza: kitanda au kasha. Kabati lisimame sentimita 5 mbali na ukuta, liwe na miguu, hewa ipite nyuma na chini. Usizibe mstari wa kuonea kutoka kiwandani hadi zidaka za ndani. Mikeka ni bora kuliko zulia zito, maana huanikwa juani. Zulia la ukuta hadi ukuta ni shamba la kuvu. Zidaka usizijaze zote. Tatu zenye kitu, mbili tupu.

Mambo yakienda mrama

*Plasta mpya ina nyufa nyembamba kama buibui.* Imekauka haraka au tabaka lilikuwa nene. Kama haijaachana na ukuta, lowesha, sugua kwa chokaa nyepesi, funika na magunia.

*Chokaa inatoka mkononi ukiegemea.* Ilipakwa nene, au ukuta ulikuwa mkavu. Piga brashi kavu, nyunyiza maji, rudia kwa tabaka nyembamba.

*Mstari wa unyevu umerudi pale pale.* Chanzo hakikuzibwa. Rudi hatua ya 5, na uanze kukichunguza choo cha juu. Kama ndio kwanza unapanga kuongeza choo ghorofani, kiweke juu ya choo kilichopo chini, maji yafuate njia moja. Choo juu ya chumba cha kulala, kwenye dari ya boriti, ni kesi ya baadaye.

*Kuvu nyuma ya kabati.* Livute mbele, futa kwa siki, acha milango yake wazi mchana. Kuvu ikirudi, kabati limeziba njia ya hewa au liko kwenye ukuta wenye maji.

*Unga laini chini ya boriti kila asubuhi.* Kama ni mkavu na boriti ina vitundu vidogo vidogo, ni wadudu wa mbao. Kama kuna vijia vya udongo ukutani, ni mchwa. Dawa zake ni tofauti, kwa hiyo mwonyeshe fundi vyote viwili kabla ya kununua.

*Kochi limeshanunuliwa na halipiti.* Angalia kama miguu na mikono yake inafunguka kwa skrubu; mengi hufunguka. Kama haifunguki, pima dirisha la ghorofa upande wa njia. Mahamali wa gatini wana kamba, wamepandisha makubwa kuliko hilo, ila kubalianeni bei kabla halijaanza kupanda.